Barua ya Wakili na Mkono wa Mama Kulwa

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni chini kwanza. Siandiki ili mtu asome huku anatembea, wala sitaki mtu aruke katikati akimbilie mwisho kuona nani alishinda. Hakuna aliyeshinda. Habari za nilikozaliwa na nani alinioa mmezisikia hadi mkachoka, siziweki hapa. Naandika mwaka mmoja tu, kwa sababu juzi kwenye msiba kule Buswelu mmoja wenu aliniuliza swali mbele za watu, nikamnyamazisha, na tangu hapo sijatulia. Tulikwenda kumzika Mama Kulwa. Asubuhi wanawe mapacha, Kulwa na Doto, waliniita niingie ndani na wanawake wengine kumwosha mama yao. Nikaingia, nikapewa upande wa kulia. Nilimwosha ule mkono usiokunja. Vidole vitatu vilikuwa vimenyooka kama vya mtu anayekataa kitu, vilikuwa hivyo tangu mimi nina nguvu zangu, na mauti nayo hayakuvibadilisha. Nilipotoka nje kunawa, mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, huyu si ndiye yule aliyekupeleka kwa wakili?" Nikamwambia, "Kalete maji." Maji yalikuwepo. Jibu ndilo hili.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati wa ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu, viwanda vinapunguza watu na kila aliyepunguzwa anafungua duka mbele ya nyumba ya mwenzake. Mume wangu, Baba Magesa, naye alitolewa kiwandani, na alichopewa mkononi tulinunulia mashine ya kusaga, ya umeme, iliyokwisha kutumika. Aliyetuuzia ni Mzee Jivan, Mhindi aliyekuwa akiuza vipuri mjini tangu enzi za baba yake. Tukapanga Mirongo, karibu na mto, chumba cha mbele mashine, viwili vya nyuma sisi na watoto. Tulilala na unga tukaamka na unga. Ulikuwa kwenye kope, kwenye chai, katikati ya kurasa za Biblia. Utando wa buibui kule juu ulikuwa mnene na mweupe kama kamba ya katani. Kati yetu na wapangaji wenzetu palikuwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo yao tuliyasikia na yetu waliyasikia, na wakati wa kula tulikuwa tunasema polepole kama watu wanaosali. Siku hizi mna vyumba vya matofali na bado mnapiga kelele.

Sasa elewa namna tulivyofanya kazi, maana usipoelewa hapa utanihukumu bure. Mashine ile ilikuwa inatema unga kwenye mfuko mrefu wa kitambaa tuliouita soksi. Ukisaga, unga mwingine unabaki umeshika ndani ya soksi, na lazima mtu aipigepige ili ushuke. Mwenye mashine akipiga mwenyewe, wanawake kwenye foleni wanaanza: "Angalia, hajapiga vizuri, anabakiza wa kwake." Jina likishatoka kwamba mashine yako inakula, umekwisha, watu wanavuka mto wanakwenda kwingine. Kwa hiyo Mirongo yote mwenye nafaka ndiye aliyekuwa anapita nyuma kukung'uta soksi, pale pale mkanda unapozunguka. Hakuna aliyeomba ruhusa. Na jambo la pili ni umeme. Ulikuwa wa mgawo, unakatika bila kusema na kurudi bila kusema. Ukikatika sisi hatukuzima swichi. Tulitoka nje kivulini, tukaiacha swichi chini, ili umeme ukirudi mashine yenyewe itupigie kelele. Mashine zote zilikuwa hivyo. Mtu angezima, angeonekana mjinga anayekesha kwenye taa kusubiri iwake.

Mama Kulwa alikuwa mjane, mama lishe. Alipika ugali wa makuli kule mwaloni Kirumba, mitumbwi inaposhusha samaki, ugali wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa ukakaushwa, na mtama, kwenye sufuria kubwa ambayo wanawake wengine walihitaji kusaidiana kuisonga. Yeye alisonga peke yake, ameikanyagia miguu, akiongea. Alikuwa mteja wangu wa kila siku na mdomo wake ulikuwa mkali. Siku ile umeme ulikatika udaga wake ukiwa umekwisha kusagwa. Tukatoka nje. Nakumbuka alichosema: "Mama Magesa, mashine yako ikinyamaza ndipo inakula, acha mimi nikang'oe changu mdomoni mwake." Wanawake wakacheka. Nami nilicheka. Akaingia nyuma, akashika soksi kwa mkono wa kushoto, wa kulia akauegemeza kwenye mkanda kama mtu anayeegemea ukuta. Umeme ukarudi.

Ule ukelele sitauandika. Baba Magesa aliirukia swichi, nami nikamshika Mama Kulwa kiunoni, na unga uliokuwa hewani ulishuka juu yetu taratibu, tukawa weupe wote isipokuwa pale kwenye damu. Tulimfunga kanga, tukasimamisha gari dogo la mtu wa matofali, tukampeleka hospitali. Vidole viliokolewa. Lakini daktari alisema wazi kwamba mishipa imekatika na vitatu havitakunja tena.

Kwetu mtu akiumia huendi mikono mitupu, na huendi mara moja. Unakwenda, unafagia, unateka maji, unapika, unakaa. Unasema pole, na pole haina hesabu wala haiulizi nani kakosa. Mama Kulwa alikaa mlimani, kwenye mawe, nyumba ya vyumba viwili ambayo jiwe moja kubwa lilikuwa ndilo ukuta wa nyuma. Chumba kilikuwa baridi mchana kutwa kwa sababu ya lile jiwe, na yeye alilala kwa kuliegemeza mgongo. Nilikwenda mara ya kwanza na kuku wawili na unga wa mtama. Nikaenda tena na sabuni na sukari. Niliwasongea wale mapacha ugali, walikuwa wadogo, wanakula bila kuniangalia. Mara ya mwisho nilimkuta shemeji yake, Tungaraza, ndugu wa marehemu mumewe. Huyu naye alikuwa amepunguzwa kazi, na siku hizo alikuwa anazunguka mjini na mkoba, anawatafutia watu mambo yao maofisini. Alimtazama kuku aliyebaki, amefungwa mguu kwenye kitanda, akauliza, "Huyu kuku amekuja mwenyewe au ametumwa?"

Nikamjibu, "Shemeji, kuku wa pole hatumwi na mtu."

"Sawa," akasema. "Mimi nauliza tu. Kuku wengine huwa wana maneno."

Maneno yale yalinifuata kuteremka mawe yote. Nyumbani nikamweleza Baba Magesa tukiwa tunakula, ugali na dagaa, nikisema kwa sauti ya chini kwa ajili ya ule ukuta wa mbao. Akaweka tonge chini. Alikuwa amekaa kijiweni na wenzake waliotolewa kazini, na kijiweni siku zile kila mtu alikuwa amegeuka mwanasheria. Akasema, "Nimeambiwa hilo. Ukienda sana unajifunga mwenyewe. Watasema kama hakukosa, anabeba kuku wa nini? Mtu wa nyumba hii asipande tena kule mpaka jambo lipoe." Nikamwambia pole haipoi. Akasema, "Mama Magesa, tuna kitu kimoja tu duniani, kile kule chumba cha mbele. Wakikichukua watoto watakula nini?" Alikuwa mume, na alikuwa anaogopa. Mimi nilimjua akiogopa, mkono wake ulikuwa unasugua goti. Nikatii.

Wiki zile sikukaa. Nilifagia chumba kilichokwisha kufagiwa. Nilikuwa nasaga cha mtu nasahau ni cha nani. Nikitumwa sokoni najikuta nimeshika njia ya mlimani, napanda hadi kwenye jiwe la bapa ambapo wanawake walianika nguo, napaona kwa Mama Kulwa, moshi hautoki, nageuka. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko nitakavyokiri kwenu. Siku moja wanawake waliokuwa wanaanua nguo waliniona nikigeuka, mmoja akamwambia mwenzake bila hata kupunguza sauti, "Mwenye mashine huyo. Amekuja kuangalia kama amekufa." Na nyumbani, nyuma ya mbao, nikawasikia wapangaji: "Wataiuza tu. Mwanamke yule hawezi kukaa na mkono ule bure." "Kwani yeye alitumwa kushika mkanda?" "Kutumwa hakutumwa. Lakini mashine ni ya nani?" Nililala na hilo swali. Mashine ni ya nani. Hata leo mtu akiniuliza sheria ni nini namwambia ni hilo swali tu, mengine ni karatasi.

Barua ya wakili ililetwa na kijana wa baiskeli, akanitaka niweke sahihi kwamba nimepokea. Ilikuwa ya Kiingereza kitupu. Mimi nilikuwa na darasa la nne, Kiswahili nasoma, Kiingereza nilijua "gudi moningi" tu. Ilibidi tungoje Jumamosi, binti wa dada yangu, Eliza, aje kutoka Butimba alikokuwa anasomea ualimu. Alikuja na njaa ya chuo, nikampa sato na ugali, akala kwanza, barua ipo mezani inatuangalia. Kisha akanawa, akasoma. Alisoma kimya, midomo inacheza, Baba Magesa anasugua goti.

"Mama mdogo," akasema, "mwishoni wanasema umlipe Mama Kulwa kwa mkono wake, la sivyo wanakwenda mahakamani. Wanasema uliacha mashine katika hali ya hatari."

"Hilo sikatai. Endelea."

"Wanasema pia ulikiri."

"Nilikiri kwa nani? Mimi nimekutana na huyo wakili?"

Eliza akarudi juu na kidole, akasoma tena, na nilimwona anaona haya kwa niaba ya karatasi. "Wameandika kwamba baada ya ajali ulifika nyumbani kwake mara kadhaa na kuku, unga, sabuni na sukari, na kwamba kwa kufanya hivyo ulikubali kosa."

Baba Magesa alipiga meza. "Nilisema! Si nilisema?" Na kule nyuma ya mbao mtu akakohoa. Mimi nilimwomba Eliza anionyeshe neno lenyewe, lile la kuku, kwa Kiingereza. Akanionyesha. Nililitazama muda mrefu. Nimeshaona kuku akichinjwa, akiibwa, akitolewa mahari. Sikuwahi kumwona kuku akitolewa ushahidi.

Jumatatu tulikwenda kwa Mzee Jivan, maana ndiye aliyekuwa anajua mambo ya barua. Duka lake lilikuwa refu na jembamba, linanuka grisi na ubani, na mkewe alikuwa anatoa chai ya maziwa kwenye glasi ndogo bila kukuuliza kama unataka. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba mama, kaa, usisimame kama mdeni." Alivaa miwani akasoma yote, akaikunja vizuri kuliko ilivyokuja. "Mama, mimi nimepata kama hizi tangu kijana. Moja kijana wa dukani alianguka ngazi. Moja betri ilimwagikia mtu. Kanuni ni hii: hujibu kwa mdomo, hujibu kwa hasira, na hukanyagi tena kwa yule mtu. Pole utampa baada ya kesi." Nikamwuliza kesi inachukua muda gani. Akanywa chai. "Ile ya ngazi," akasema, "yule kijana alishapata wajukuu." Mkewe akacheka nyuma ya kaunta, naye akacheka, hata Baba Magesa. Alikuwa mtu mwema, sitaki mumwelewe vibaya. Alitupeleka yeye mwenyewe kwa wakili anayemfahamu, akamsihi atuandikie jibu kwa bei ya urafiki.

Jibu likaja Ijumaa, Eliza akalisoma Jumamosi. Lilikuwa na Kiingereza kizuri, alisema, kizuri kuliko cha kwanza. Lilisema Mama Kulwa aliingia nyuma ya mashine bila ruhusa. Lilisema aliambiwa asiingie. Lilisema vile vitu nilivyopeleka vilikuwa biashara ya kawaida kati ya majirani, si zaidi. Chini palikuwa na mstari wa sahihi yangu, kwa sababu leseni ilikuwa ina jina langu. Baba Magesa akanipa kalamu. Nikauliza, "Nani alimwambia asiingie?" Akasema, "Ni maneno ya sheria hayo." "Ni maneno ya nani? Mimi sikumwambia. Wewe ulimwambia?" "Mama Magesa, weka sahihi." "Wanawake wote wa Mirongo wanaingia pale. Nitakwenda kanisani na uongo ambao foleni nzima inaujua?" Eliza akakusanya vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nikaiweka kalamu.

Jumapili baada ya ibada niliwaambia watangulie nyumbani. Nikapanda mawe, na safari hii sikugeuka pale kwenye nguo. Mama Kulwa alikuwa mlangoni anapepeta mtama kwa mkono mmoja, ungo ameukandamiza tumboni, mtama unamwagika. Hakuninyanyukia. Nikakaa kizingitini. Nikamwuliza kama barua ni yake. Nilikuwa natumaini, nawaambieni kweli, kwamba atasema hajui, kwamba ni Tungaraza.

"Ni yangu," akasema. "Niliweka dole gumba. Hili hapa, linafanya kazi bado."

"Na maneno ya kuku?"

"Wakili aliuliza nani alinisaidia. Nikasema Mama Magesa alileta kuku. Nilikuwa nakusifu. Yeye akaandika anavyojua yeye." Akaweka ungo chini. "Lakini usifikiri nimedanganywa. Pole yako tuliila ikaisha. Nilikungoja. Nikasema labda anaumwa. Halafu wakaniambia unafika kwenye jiwe unageuka. Nikasema basi, kama mtu haji, na ije karatasi."

Nikamwambia nilikatazwa. Akasema, "Najua. Na mimi nilikatazwa nisikwambie." Tukatazamana, tukaona aibu kama watoto. Kisha akaingia ndani akatoka na mwiko, ule mkubwa wa mwaloni, akauweka kwenye kiganja cha kulia akajaribu kuufunga. Ukaanguka. Akauokota, ukaanguka tena. Hakulia. "Sufuria langu sasa linasongwa na msichana wa kukodi," akasema, "na makuli wanasema ugali una mabonge, wanahamia kwa mwingine. Wewe mashine yako inazunguka. Mimi changu kilikuwa ni huu mkono. Mashine yangu ndiyo hii. Sasa niambie, ungekuwa wewe usingeweka dole?"

Nikasema ningeweka.

Niwaambie kilichofuata ili msiulize. Jibu la Kiingereza sikulitia sahihi. Niliandika langu kwa Kiswahili, kwa mkono, Eliza akaninyooshea herufi tu. Niliandika kwamba swichi iliachwa chini, kwamba Mama Kulwa aliingia kama wateja wote, kwamba nilikwenda kwake na kuku na nitakwenda tena, na kwamba tunataka kukaa tuelewane. Wakili wa Mama Kulwa hakulia wala hakuguswa. Alidai kile kile. Tukakaa ofisini kwake, yeye na Tungaraza upande mmoja, sisi na Mzee Jivan upande mwingine, wanabishana, na mimi na Mama Kulwa tukiwa kwenye benchi moja kwa sababu viti havikutosha. Tulilipa. Kiasi gani hakiwahusu. Mabati tuliyokuwa tumenunua kwa ajili ya nyumba tuliyoanza kujenga yaliondoka, na nyumba ilikaa bila paa mvua mbili. Baba Magesa alininunia muda mrefu, na hakukosea kuninunia. Mashine ilibaki. Swichi ikawa inapandishwa umeme ukikatika, na wale waliotucheka kwa hilo waliendelea kucheka.

Lakini kabla ya ofisi na mabati ilikuwepo ile Jumapili. Niliteremka kutoka kwenye mawe jua likiwa bado kali, nikawakuta wote wamekaa kwenye ugali, Baba Magesa, Eliza, Magesa na wadogo zake, hakuna aliyegusa. Ile karatasi ya jibu ilikuwa bado mezani na kalamu juu yake. Baba Magesa akauliza nilikotoka, ingawa makapi ya mtama wa Mama Kulwa yalikuwa kwenye gauni langu la kanisani. Nikamwambia. Akasema, "Umetumaliza." Nikamwambia inawezekana. Sikukaa. Nilisema kwa sauti yangu yote, kule nyuma ya mbao nako wasikie wasihangaike kutega masikio:

"Kuanzia kesho, kila siku mtu mmoja wa nyumba hii anakwenda mwaloni kumsongea Mama Kulwa ugali wa makuli. Si pole tena hii, ni kazi, na haina likizo. Eliza, wewe Jumamosi. Magesa, Jumanne, ukitoka shule hakuna mpira. Mimi siku zilizobaki. Baba Magesa, wewe una mikono mikubwa kuliko sisi wote: unaanza kesho alfajiri, na usiache mabonge."